Jinsi ya Kusoma Wastani wa Mzigo wa Prosesa kwenye Kompyuta ya Linux

Mtu yeyote aliyekabidhiwa seva ya Linux, hata ikiwa ni kompyuta moja ya mezani iliyowekwa pembeni mwa ofisi kuhifadhi mafaili ya wenzake, hukutana mapema na namba tatu ambazo amri za `uptime` na `top` huzionyesha baada ya maneno "load average". Hizo ndizo wastani wa mzigo. Nimeona watu wakizisoma kama asilimia, wakakuta 3.84 na kudhani kwamba mashine inatumia chini ya sehemu moja kati ya ishirini ya uwezo wake. Nimeona pia wengine wakikuta 8 na kukimbilia kuomba fedha za mashine mpya, ilhali prosesa yenyewe ilikuwa imekaa bila kazi. Wote wanaiuliza namba hiyo swali ambalo haikuundwa kulijibu. Wastani wa mzigo hausemi prosesa imetumika kwa kiasi gani. Unasema ni kazi ngapi zilikuwa zikihudumiwa au zikingoja kuhudumiwa, na katika Linux si lazima kinachongojwa kiwe prosesa.

Hatua zinazofuata zimepangwa kwa namna ambayo mimi mwenyewe huzifuata ninapopigiwa simu na kuambiwa kwamba seva imekuwa nzito. Zinahitaji terminali (dirisha la kuandikia amri), ruhusa ya mtumiaji mkuu kwa amri moja, na utulivu wa dakika kumi kabla ya kuamua lolote.

Hatua ya kwanza: tazama namba zote tatu kwa pamoja

Andika amri ya `uptime` na utapata mstari unaofanana na huu:

```
$ uptime
 10:42:17 up 36 days,  4:11,  2 users,  load average: 3.84, 2.10, 1.05
```

Namba ya kwanza ni wastani wa dakika 1 iliyopita, ya pili ni wa dakika 5, na ya tatu ni wa dakika 15. Zisome kuanzia kulia kwenda kushoto, kwa sababu ndivyo mambo yalivyotokea: robo saa iliyopita mzigo ulikuwa kama 1, kisha ukapanda hadi 2, na sasa unakaribia 4. Mstari huo unakueleza kwamba kuna jambo limeanza hivi karibuni na bado linaendelea. Lau namba zingekuwa 1.05, 2.10, 3.84, ungekuwa umefika baada ya shughuli kwisha. Ndiyo maana siwaamini wanaonitumia ujumbe wenye namba moja tu. Namba moja haisemi kama maji yanapanda au yanapwa.

Ukitaka kuziona bila mapambo, soma faili ambalo amri hizo zote huchota humo:

```
$ cat /proc/loadavg
3.84 2.10 1.05 4/512 28817
```

Baada ya wastani tatu utaona 4/512, maana yake ni kwamba wakati huo kazi 4 kati ya 512 zilizopo kwenye mashine zilikuwa zinatekelezwa au ziko tayari kutekelezwa. Namba ya mwisho ni kitambulisho cha mchakato, yaani programu inayoendeshwa, wa mwisho kuanzishwa.

Hatua ya pili: jua mashine ina viini vingapi

Fikiria mashine ya kusaga nafaka ya mtaani. Mama mmoja debe lake linasagwa, na wengine watatu wamesimama mlangoni na madebe yao. Ukiulizwa mzigo ni kiasi gani, jibu ni 4: anayesagiwa mmoja, na wanaongoja watatu. Mashine yenyewe inafanya kazi asilimia 100, na ingefanya asilimia hiyo hiyo hata kama mteja angekuwa mmoja tu, au wangekuwa arobaini wamejipanga mpaka barabarani. Hapo ndipo asilimia ya matumizi ya prosesa inapokomea: ikishafika 100 haina tena la kusema, nayo foleni inaweza kuendelea kurefuka bila wewe kujua. Wastani wa mzigo hauna kikomo hicho, na kwa sababu hiyo ninaupenda licha ya kasoro zake.

Sasa tuseme mwenye mashine ana mashine nne za kusaga badala ya moja. Wateja wale wale wanne wanahudumiwa wote kwa wakati mmoja na hakuna anayesimama mlangoni. Mzigo bado ni 4, lakini hali imebadilika kabisa. Mashine hizo ndizo viini vya prosesa, na idadi yake unaipata hivi:

```
$ nproc
4
```

Gawanya wastani wa mzigo kwa idadi hiyo. Katika mfano wetu 3.84 ukigawanya kwa 4 unapata 0.96, maana yake ni kwamba katika dakika iliyopita kulikuwa na karibu kazi moja kwa kila kiini, yaani viini vimejaa lakini foleni haijaanza. Mashine hiyo hiyo ikionyesha 12, kila kiini kina kazi tatu: moja inahudumiwa na mbili zinangoja. Na mashine yenye viini 64 ikionyesha 12, viini vyake vingi vinapumzika.

Mfano wa mashine ya kusaga una mpaka wake. Mwenye mashine humsagia mteja mpaka amalize, lakini kerneli, yaani kitovu cha mfumo endeshi, huipa kila kazi muda mfupi, huiweka kando, huchukua nyingine, kisha huirudia. Kwa hiyo foleni ndefu kwenye kompyuta haimwadhibu wa mwisho peke yake. Inawachelewesha wote kidogo kidogo, na ndiyo maana watumiaji husema seva ni nzito badala ya kusema imesimama.

Jihadhari na jambo moja kuhusu idadi ya viini. Prosesa nyingi za kisasa hukifanya kiini kimoja kionekane kama viwili, na `nproc` huvihesabu vyote viwili. Amri ya `lscpu` itakuonyesha mstari wa "Thread(s) per core". Ukiwa na 2, basi 8 ya `nproc` ni viini halisi 4, na viini hivyo pacha havitoi kazi mara mbili kamili. Kwa mashine ya aina hiyo mimi huanza kufuatilia mapema kidogo, kabla mzigo haujafika 8. Vilevile, ukiwa ndani ya kontena, yaani sehemu iliyotengwa ya mashine ambamo programu huendeshwa peke yake, kwa kawaida namba za mzigo unazoziona ni za mashine nzima iliyolibeba, hata kama kontena lako limepewa sehemu ndogo tu ya viini vyake.

Hatua ya tatu: utengeneze mzigo mwenyewe mara moja

Hatua hii watu wengi huiruka, nami ningekusihi usiiruke, kwa sababu inafundisha kwa robo saa jambo ambalo maelezo ya kurasa kumi hayalifikishi. Tafuta mashine isiyo na shughuli, ambayo namba zake tatu ziko karibu na sifuri, kisha anzisha kazi moja isiyo na mwisho wala faida:

```
$ yes > /dev/null &
```

Amri hiyo huandika herufi moja bila kukoma na kuitupa. Kazi moja inashughulika muda wote, kwa hiyo mzigo wa kweli ni 1 tangu sekunde ya kwanza. Lakini baada ya dakika moja kamili, ukiandika `uptime`, hutaona 1.00. Utaona takribani 0.63, 0.18, 0.06. Baada ya dakika tano utaona takribani 0.99, 0.63, 0.28. Simamisha kazi hiyo kwa `kill %1`, ngoja dakika moja nyingine, na namba zitakuwa karibu 0.37, 0.52, 0.27, ingawa mashine haifanyi chochote.

Sababu ni namna hesabu inavyofanywa. Kila baada ya sekunde 5 hivi kerneli huhesabu kazi zilizopo, kisha huchanganya hesabu hiyo mpya na wastani wa zamani kwa uwiano maalumu, ili yaliyopita yafifie polepole badala ya kufutwa ghafla. Kwa hiyo namba ya "dakika 1" hubeba pia mabaki ya yaliyotokea kabla ya dakika hiyo, na inapofika dakika moja tangu jambo jipya lianze huwa imefika karibu theluthi mbili tu ya ukweli. Namba ya dakika 15 inahitaji robo saa nzima kufika hapo hapo. Mtu anayesimamisha programu nzito na kukasirika kwamba mzigo "haushuki" anahitaji subira tu, na mtu anayeona 0.63 asifikiri kwamba kuna kazi inayotumia asilimia 63 ya prosesa.

Hatua ya nne: uliza wanaongoja wanangoja nini

Hapa ndipo Linux inapotofautiana na mifumo mingine mingi ya ukoo wa Unix, na hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika.

Wazo lenyewe la wastani wa mzigo ni kongwe kuliko Linux. TENEX, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani, ulikuwa nao tayari, na waraka wa RFC 546 wa Agosti 1973, mmoja katika mfululizo wa nyaraka za wahandisi wa mtandao, unauzungumzia. Wakati huo ulihesabu wanaohitaji prosesa, na Linux nayo ilianza hivyo. Oktoba 1993 Matthias Urlichs alipendekeza badiliko: zihesabiwe pia kazi zilizolala usingizi usiokatizika, yaani zile zilizoomba kitu, kwa kawaida kutoka kwenye diski, na haziwezi kufanya lolote wala kuamshwa na ishara ya kawaida mpaka zijibiwe. Hoja yake ilikuwa kwamba si sawa mzigo ushuke pale mtu anapobadilisha diski ya haraka na kuweka ya polepole, wakati mashine kwa hakika imezidi kuwa nzito. Badiliko hilo lilikubaliwa na linafanya kazi mpaka leo.

Turudi kwa mashine ya kusaga. Kwa hesabu ya Linux, hata mteja aliyekaa kwenye benchi akingoja mkokoteni umletee mahindi yake kutoka ghalani anahesabiwa pamoja na walio mlangoni. Mashine za kusaga zinaweza kuwa zimezimwa zote, na mzigo ukasomeka 40.

Hayo yalinipata. Nilikuwa nikiitunza seva ya ofisi moja ndogo, yenye viini 4, ambayo ilikuwa imeunganishwa kwa mtandao na sanduku la diski la kuhifadhia nakala rudufu. Asubuhi moja nilikuta mzigo umepita 30. Sikuuliza swali lolote. Niliamua kuizima na kuiwasha, ikachukua muda mrefu sana kuzimika, na ilipowaka namba zilikuwa chini ya 1. Nikaamini nimemaliza. Kumbe ilipowaka haikuweza kuunganishwa tena na lile sanduku, na nakala za usiku uliofuata ziliandikwa kwenye diski ya ndani mpaka ikajaa. Wiki mbili baadaye hali ikajirudia. Saa moja na nusu asubuhi `uptime` ilionyesha 40.86, 40.05, 38.02, na safari hii nilianza kwa amri hii:

```
$ sudo ps -eLo state,pid,user,wchan:24,args | grep '^[RD]'
```

Amri hiyo huorodhesha kila uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) wa kila mchakato ulio katika hali ya R, yaani unatekelezwa au uko tayari, na wa hali ya D, yaani umelala usingizi usiokatizika. Hao ndio wanaohesabiwa kwenye mzigo, na hakuna wengine. Nilipata mstari mmoja wa R, ambao ulikuwa `ps` yenyewe, na mistari 41 ya D iliyofanana yote: amri ya `df`, ikingoja mahali panapoitwa `rpc_wait_bit_killable`, yaani ikisubiri jibu la diski ya mtandao. Tulikuwa na skripti ndogo ya kupima nafasi ya diski iliyojiendesha kila baada ya dakika 5. Kila ilipoanza ilikwama, na kila iliyokwama iliongeza 1 kwenye mzigo. Michakato 41 kwa dakika 5 ni dakika 205, kwa hiyo ningeweza kusema bila kuuliza mtu kwamba sanduku lilipotea mtandaoni kama saa kumi alfajiri. Kebo yake ilikuwa imelegea. Nilipoibana, mistari yote ya D ilitoweka kwa sekunde chache, na prosesa haikuwa imefanya kazi yoyote ya maana muda wote huo.

Orodha ikiwa ndefu na yenye mchanganyiko, amri ya `vmstat` husaidia kuona mwelekeo:

```
$ vmstat 1 10
```

Upuuze mstari wa kwanza wa namba, kwa kuwa ni wastani wa tangu mashine ilipowashwa. Katika mistari inayofuata, safu ya `r` ni kazi zinazotekelezwa au kungoja prosesa, na safu ya `b` ni zilizokwama kwenye usingizi usiokatizika. Mwishoni, `us` na `sy` ni asilimia ya muda ambao prosesa ilizitumikia programu na kerneli, `id` ni muda wa mapumziko, na `wa` ni mapumziko yaliyotokea huku kuna kazi inayongoja diski. Ukiona `r` kubwa kuliko idadi ya viini na `id` karibu na sifuri, foleni ni ya prosesa. Ukiona `b` kubwa na `id` au `wa` kubwa, prosesa si tatizo, na prosesa mpya haitakusaidia hata kidogo.

Hatua ya tano: chukua hatua kulingana na ulichokikuta

Ikiwa foleni ni ya prosesa, fungua `top`, bonyeza herufi kubwa ya P ili orodha ipangwe kwa matumizi ya prosesa, na utambue ni nani anayeijaza. Mara nyingi huwa ni kazi halali iliyopangwa saa mbaya, kama vile kubana mafaili makubwa katikati ya saa za kazi. Kazi hiyo ihamishie usiku, au ianzishe kwa `nice -n 19` ili iwapishe wengine. Fahamu kwamba kazi iliyopunguziwa kipaumbele bado inahesabiwa kamili kwenye mzigo. Unaweza kukuta 9 kwenye viini 4 huku wafanyakazi wakiendelea bila kulalamika, na hilo si kosa la kurekebishwa. Ninapolazimika kuchagua kati ya namba na malalamiko ya watu, huanza na malalamiko.

Ikiwa foleni ni ya diski, amri ya `iostat -x 1`, iliyomo kwenye kifurushi cha sysstat, itakuonyesha ni diski ipi na maombi yanachukua milisekunde ngapi kujibiwa. Angalia pia kama kumbukumbu imejaa: safu za `si` na `so` za `vmstat` zikiwa na namba kubwa muda wote, mashine inahamisha kumbukumbu kwenda diskini na kurudi, na dawa yake ni kuongeza kumbukumbu au kupunguza programu. Usijaribu kuua mchakato wa hali ya D kwa `kill -9` na kushangaa ukikataa kufa. Kwa kawaida hausikii mpaka kile unachokingoja kirudi. Rekebisha kinachongojwa.

Kwa wanaokodi mashine pepe kuna safu moja zaidi, `st`. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi lakini mashine halisi iliyoibeba ilikuwa ikiwahudumia wengine. Ikiwa kubwa kwa saa nyingi, mzigo wako hupanda bila programu zako kubadilika, na mazungumzo yanayohitajika ni ya wewe na mwenye mashine.

Hatua ya sita: weka kumbukumbu, na tumia kipimo kipya kama kipo

Tangu toleo la 4.20 la kerneli, lililotoka mwishoni mwa 2018, Linux ina kipimo kinachotenganisha yale ambayo wastani wa mzigo huyachanganya. Soma mafaili matatu ya `cpu`, `io` na `memory` yaliyomo katika `/proc/pressure`:

```
$ cat /proc/pressure/io
some avg10=31.20 avg60=24.75 avg300=8.10 total=91840233
full avg10=22.06 avg60=17.31 avg300=5.44 total=60177125
```

Hapa `avg60=24.75` kwenye mstari wa `some` inasema kwamba, kwa wastani wa dakika moja, asilimia 24.75 ya muda kulikuwa na walau kazi moja iliyokwama ikingoja diski. Mstari wa `full` ni muda ambao kazi zote zisizo usingizini zilikwama. Namba hizi ni asilimia za kweli, hazihitaji kugawanywa kwa viini, na zinakutajia kinachongojwa kwa jina. Katika baadhi ya mifumo kipimo hiki hulala mpaka uongeze `psi=1` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Pale kilipo, mimi hukitazama mara tu baada ya `uptime`.

Kifurushi cha sysstat nacho, kikishawashwa, huhifadhi vipimo kwa kawaida kila baada ya dakika 10, na `sar -q` hukurudishia wastani wa mzigo wa siku nzima pamoja na safu ya `blocked` ya kazi zilizokwama. Kiwashe siku ambayo mashine ni nzima, kisha iache wiki mbili au tatu. Siku nyingine ukipigiwa simu saa tatu asubuhi ya Jumatatu na kukuta 5.20 kwenye viini 4, utafungua kumbukumbu za Jumatatu zilizopita, na kama saa hizo hizo zilikuwa na 5.10 na 5.30, utajua kwamba huo ndio mzigo wa kawaida wa watu wanaofika kazini na kufungua mafaili yao, na utatafuta chanzo cha malalamiko mahali pengine.